Gari Langu Halinuki

Leo nimejivua nguo mwenyewe, mchana kweupe, na waliokaa viti vya mbele niliwapanga mimi.

Nawasimulia kabla Bakari hajawasimulia. Bakari akiwahi ataongeza chumvi, na kisa hiki hakihitaji chumvi. Kimekolea tayari.

Kwa mlioingia kwenye kundi hili juzi na hamnijui (wachache, najua), mimi ni Shabani wa Ipuli. Shule nilifika darasa la tano nikaona inanichelewesha. Nilianza maisha kwa kutapisha vyoo vya watu kwa ndoo na koleo, nikipita vichochoroni nisionwe na wakwe. Leo nina magari mawili ya kunyonya majitaka. Mawili! Wenzangu wana vyeti ukutani, mimi nina matangi barabarani.

Lile kubwa ni jeupe pe. Ubavuni nimeandikisha kwa rangi nyekundu, herufi za kusomwa na mtu aliyesahau miwani: HALINUKI. Na kweli halinuki. Balaa lote limeanzia hapo, kwa hiyo nivumilieni nieleze.

Ua wangu umepakana na msikiti. Kuna Ijumaa moja, zamani kidogo, niliingia kuswali nimeoga mara mbili na marashi nimejipaka. Imamu akatuambia tusogeane, tusiache nafasi kwenye safu. Watu wakasogeana. Kwangu hawakusogea. Kulia kwangu ilibaki nafasi ya kuegesha bajaji, na kushoto bajaji nyingine. Kisa? Gari langu lilikuwa limesimama nyuma ya ukuta, na madirisha ya msikiti yalikuwa wazi. Niliswali peke yangu katikati ya umati. Nikaapa haitatokea tena.

Nikaweka utaratibu. Kila Alhamisi, gari likishanyonya mzigo wa mwisho, dereva wangu Masanja anamimina ndani ya tangi madumu mawili ya dawa ya kuua vijidudu, ile kali wanayosafishia sakafu za hospitali. Juu yake chupa ya marashi (hilo la marashi ni ubunifu wangu). Anazunguka mjini dawa ichanganyike, halafu saa tisa alasiri anakwenda kumwaga kwenye mabwawa ya majitaka. Ijumaa gari linanukia kama bibi harusi. Safu inajaa. Kulia mtu, kushoto mtu. Hiyo ndiyo siri ya kampuni, na tulioijua tulikuwa watatu: mimi, Masanja na mke wangu.

Sasa hayo mabwawa. Yako matatu, nje ya mji. Maji machafu yanaingia la kwanza, yanapita la pili, na yakitoka la tatu yanatakiwa yawe na heshima zao. Lakini tangu kiangazi kianze, yananuka hata ndege wanazunguka mbali. Majirani walikwenda kulalamika wamejifunga vitambaa puani. Wiki iliyopita tukapata barua ya meneja wa mabwawa sisi wenye magari: tufike Alhamisi saa nane mchana, na sababu isipopatikana, magari yote yatasimamishwa kumwaga pale.

Yote. Na gari la majitaka lisilo na pa kumwaga ni pipa lenye leseni. Yangu mawili yakisimama, nirudi kwenye ndoo na koleo? Kwa umri huu? Kwa kiuno hiki?

Tuko wenye magari watano, na mwenyekiti ni mimi. (Nilijipendekeza mwenyewe nikapita bila kupingwa. Siku hiyo alikuja Bakari tu, naye alifuata chai.) Kwa hiyo jukumu la kuwaokoa wenzangu lilikuwa langu. Na mhalifu nilikuwa nimeshampata: Bakari huyohuyo. Gari lake ni kuukuu, linavuja kila kiungo, likipita mtaani wauza vitumbua wanafunika karai. Watu wamelibatiza Kicheche, yule mnyama wa kunuka. Mtu mwenye gari linaloitwa Kicheche, na mabwawa yananuka. Unahitaji polisi hapo?

Suluhisho nalo nilikuwa nalo. Kama dawa yangu inakata harufu kwenye tangi, kwa nini isikate kwenye bwawa? Ni suala la kuongeza madumu tu. Nikavaa suti niliyomwozea binti yangu Zuhura, nikachukua dumu jipya, nikalitia kwenye mfuko wa zawadi.

Mke wangu akaniangalia kutoka jikoni. "Baba Zuhura, leo kasikilize kwanza."

Nikamwambia mwenyekiti hasikilizi, mwenyekiti anasikilizwa. Hakujibu. (Mke wangu asipojibu, muwe mnaandika tarehe.)

Getini nikamkuta mzee Maganga, mlinzi, na daftari lake la kuandika kila gari linaloingia na saa yake. Nikamwamkia kwa Kinyamwezi, akaitikia, akanisifia suti. Ndani kidogo akanijia Injinia Tereza, mtaalamu wa mabwawa hayo. Huyu ni binti wa Usinge, wazazi wake wakulima, lakini kichwa chake ni duka la jumla. Alikuwa amevaa buti za mpira na tope hadi magotini. Akainama kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu."

Akatazama huku na huku, akashusha sauti. Akasema kuna jambo dogo alitaka tuzungumze pembeni, sisi wawili, kabla kikao hakijaanza.

Ndugu zangu, mimi na nyinyi tumelelewa. Mtoto wa watu akimwita mtu mzima pembeni, kuna nguo anataka kumfunika. Hiyo unaijua hata ukiwa umeishia darasa la tano. Lakini Bakari alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, anasikia, na mimi nilikuwa nimevaa suti.

Nikatoa sauti ya mkutanoni. "Binti, mambo ya Shabani hayana pembeni. Yaseme mbele za watu."

Akanitazama kama nesi anayemtazama mgonjwa aliyekataa ganzi. "Sawa baba," akasema. "Nilitaka tu uwe na nafasi."

Nafasi! Nikacheka. Nikaingia ndani nikakaa katikati, na wenzangu nikawaelekeza viti vya mbele wanione vizuri.

Kulikuwa na runinga kubwa ukutani. Tereza akaunganisha kompyuta yake, na kwenye kioo yakatokea mabwawa matatu, ya kijani, maji yanatembea. Nikamnong'oneza Bakari kwamba tumeitwa kucheza gemu. Kumbe Tereza amesikia. Akaeleza kwa upole kwamba hayo ni mabwawa yetu wenyewe, ila yameigizwa ndani ya kompyuta. Kwa miezi kadhaa amekuwa akipima maji, jua, kina na kila gari linaloingia, akavilisha humo vyote. Kompyuta inapiga hesabu, na wiki nzima ya bwawa inapita ukiwa bado unakoroga chai.

"Huku ukikosea, unafuta unaanza upya," akasema. "Kule nje ukikosea, hakuna kufuta."

Kisha akatuuliza tunadhani uchafu unasafishwa na nani. Nikajibu na jua. Akasema jua linasaidia, ila wafanyakazi wenyewe ni vijidudu, hawaonekani kwa macho, wamejaa mle majini wanakula uchafu mchana na usiku. Kwa kuwa sisi ni watu wa Tabora akatupa mfano wetu. Tuwafikirie kama wapagazi wa zamani. Wanapokea mzigo bwawa la kwanza, wanaufikisha la pili, hadi la tatu. Wapagazi wakifa njiani, mzigo unabaki palepale na unaoza.

Nikaguswa, siwafichi. Babu yangu alikuwa mpagazi, alikwenda hadi pwani akarudi na miguu yote miwili. Nikakaa vizuri kwenye kiti.

Tereza akaanza kujaribisha. Meneja alitaka kujua wakichimba bwawa la nne itakuwaje. Akalichora, akabonyeza, wiki ikaanza kupita. Jumatatu kijani, Jumanne kijani, Jumatano kijani. Alhamisi alasiri bwawa la kwanza likageuka kijivu kama uso wa mtu aliyepigwa simu na hospitali. Ijumaa la pili likafuata. La nne nalo likafa, jipya kabisa, halijakaa hata wiki.

Nikanyoosha mkono. Nikasema tusipoteze muda wa kompyuta, aondoe Kicheche humo tuone.

"Kwa jina?" Bakari akauliza.

"Kwa jina."

Tereza akasita, akaliondoa gari la Bakari, akabonyeza. Jamani. Bwawa likafa vilevile, tena likachelewa zaidi kufufuka! Ikabidi Tereza aeleze kwamba mzigo wa Bakari, pamoja na harufu yake, umejaa vijidudu wazima wenye afya. Kila Kicheche akimwaga ni kama anashusha wapagazi wapya. Bakari alikunja nne tu, akaanza kutikisa kiatu. Nikauliza kompyuta hiyo imetengenezewa wapi.

Tereza akaendelea. Alisema alishajaribu kuongeza joto, kupunguza maji, kupunguza magari, wala bwawa la kwenye kompyuta halikufanana na letu la nje. Likafanana siku alipoingiza kitu kimoja: sumu ya kuua vijidudu, inayomwagwa mara moja kwa wiki, Alhamisi, saa tisa alasiri.

Hapo ndugu zangu mngetegemea kengele ilie kichwani mwangu. Haikulia. Mimi niliposikia "sumu" nilifikiria panya, nilifikiria wachawi, nilifikiria watu wabaya. Dawa yangu si sumu. Dawa yangu ina marashi!

Tereza akafunga daftari lake. Akasema tunaweza kuishia hapo, mengine atayamaliza ofisini kwa utaratibu. Akanitazama mimi. Nafasi ya pili hiyo. Nikaikanyaga kwa viatu vya harusi.

Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti. Nikasema haiwezekani kuishia hapo, mabwawa yetu yanauawa halafu tunaambiwa utaratibu. Nikawalilia wale wapagazi wadogo. Nikamtaja babu yangu. Nikasema muuaji huyo akipatikana gari lake lisikanyage tena pale, na yeye mwenyewe asimamishwe mbele ya wenzake ajieleze. Nikamwomba meneja aandike. Meneja akaandika. Nikamwomba anisomee alichoandika. Akanisomea. Nikasema sawasawa.

"Kompyuta inamjua?" nikamuuliza Tereza.

"Inajua nini na lini. Nani, haijui."

"Na wewe?"

Akatazama buti zake. "Baba, tuishie kwenye nini na lini."

Nikamwambia asiogope, mwenyekiti yupo. Na wakati tunamsubiri mhalifu, nimekuja na tiba. Nikatoa dumu kwenye mfuko wa zawadi, nikalitua mezani, karatasi yake ikiwaelekea wajumbe. Nikaeleza jinsi linavyokata harufu. Meneja akauliza kama limeshajaribiwa mahali.

Nikacheka kicheko cha tajiri. "Limejaribiwa? Halinuki halinuki kwa sababu ya nini? Madumu mawili ndani ya tangi, kila Alhamisi."

Ule mdomo wangu, jamani. Lile neno la mwisho nililiona likitoka. Nililiona kabisa, nikanyoosha na mkono, lakini lilikuwa limeshafika kwa meneja.

Bakari akalivuta dumu, akavaa miwani, akaanza kusoma taratibu kama anayesoma hati ya mirathi.

"Huua... vijidudu... wote." Akageuza upande wa pili. "Haibakizi... hata... mmoja."

Akavua miwani. "Mwenyekiti, msafara mzima umeumaliza wewe?"

Nikatafuta jibu. Darasa la sita huenda walifundisha jibu lake, mimi sikufika. Nikawa naangalia ile runinga, ambayo ilikuwa bado inairudia wiki yake, na nikaona pale juu pameandikwa Alhamisi, saa tisa kasoro kidogo. Nikatazama saa yangu ya mkono. Alhamisi, saa tisa kasoro kidogo.

Nje ikapigwa honi.

Honi ile naijua, nimeinunua mwenyewe, ina sauti tatu. Dirishani likapita gari jeupe pe, limeoshwa linameta, maandishi mekundu ubavuni, na harufu ya waridi ikaingia hadi kwenye kikao. Masanja, mtu asiyechelewa! Mzee Maganga akafungua geti akaandika kwenye daftari lake.

Tereza akasema kwa sauti ndogo sana kwamba wiki hii bwawa la kwanza lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kupata uhai. Likipigwa leo, hana la kuwaambia wakubwa tena. Magari yatasimama.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nilikuwa nakimbia kwenye tuta la bwawa nimevaa suti ya harusi, napunga mikono yote miwili, na Masanja kule mbele ameniona. Akafurahi. Akadhani bosi amekuja na wageni kuonyesha gari. Akapiga honi ya sauti tatu, akawasha taa, akaongeza mwendo! Kila nikipunga naye anapunga.

Alipofika mdomo wa bwawa alishuka haraka, akachomeka bomba, akashika koki. Nikajitupa. Sikujitupa kishujaa, niliteleza. Nikafika pale kwa makalio, nikalikumbatia lile bomba, suti, tai na kila kitu.

"Usifungue Masanja!"

"Bosi, nimeshaweka dawa. Leo nimeweka matatu. Asubuhi umesema kuna wageni."

Nikageuka. Kikao kizima kilikuwa kimesimama juu ya tuta. Meneja ana kalamu mkononi. Bakari ana simu mkononi, na ile simu haikuwa sikioni. (Nyinyi wenye ile video, Mungu anawaona.)

Hata hivyo tone halikuingia. Andikeni hilo pia.

Tukarudi ndani, mimi nikasimama, maana makalio yalikuwa hayafai kwa viti vya ofisi. Meneja akafungua daftari akasoma lile azimio: gari la mhusika lisikanyage tena pale, na mhusika ajieleze mbele ya wenzake. Akauliza kama mwenyekiti ana la kuongeza.

Basi nikajieleza. Nilisema yote. Nikasema habari ya ile Ijumaa, ile safu, nafasi ya bajaji kulia na kushoto. Nilitegemea watacheka. Hawakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Bakari mwenyewe aliangalia chini, akasema yeye huswali uani siku zote kwa sababu hiyohiyo. Miaka yote namcheka mtu na Kicheche chake, kumbe anaswali uani.

Tereza akaomba neno. Akasema kabla hatujamfukuza mtu, tuiulize kompyuta. Akaondoa dawa, akaacha magari yetu yote, akabonyeza. Wiki ya kwanza kijivu, ya pili kijivu chenye kijani, ya nne kijani. Hakuna bwawa la nne, hakuna gari la kusimamishwa. Akalijaribu na lile tangi langu la madumu matatu: nikimwaga lote kwa mpigo, mauti. Nikiliacha limefungwa hadi dawa iishe nguvu, kisha nikamwaga kidogokidogo kwa siku kadhaa, bwawa linastahimili.

"Kwa hiyo baba," akasema, bado ananiita baba, mtoto huyu, "likae kwako kwanza. Likianza kunuka vizuri, ulilete."

Meneja akafuta lile azimio akaandika jingine. Gari langu linaruhusiwa kwa sharti moja: kila likifika getini, mzee Maganga atalizunguka na kulinusa. Likinuka, lipite. Lisiponuka, lirudi.

Maganga akaitwa kuelezwa kazi yake mpya. Akauliza kama kuna posho ya pua.

Nimefika nyumbani, mke wangu ametazama suti mbele, ametazama nyuma. Ameuliza kitu kimoja tu, kama nilisikiliza. Nimemwambia leo nimesikiliza sana.

Tangi liko uani, limejaa, nyuma ya ukuta wa msikiti kama kawaida, maana sina pengine pa kuliweka. Nilikuwa nategemea marashi yatanivusha angalau kesho. Ila sasa hivi, naandika hapa, Masanja amekuja mlangoni anatabasamu kama aliyeletewa mtoto wa kiume.

"Bosi, habari njema. Limeanza."

Nimempigia Bakari nikamwomba kesho asiswali uani, aje tusimame pamoja. Amekubali. Kwa hiyo kesho Ijumaa mkituona wawili safu ya mwisho, na nafasi ya bajaji kila upande, tafadhali msicheke na msifunike pua. Mwenzenu nanuka kwa kibali.